Blanketi Juu ya Barafu

Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda sana, Dolphine Akoth alikuwa na kazi zake: kufagia baraza la zahanati, kujaza mtungi wa maji ya kunawa mikono, kisha kupeleka takataka za jana shimoni. Zahanati yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya mabati nje kidogo ya soko la Uriri. Aliyeiendesha ni Sista Priscah, dada ya baba yake, ambaye Dolphine alimwita Waya, kama Waluo wanavyomwita shangazi. Dolphine aliishi naye tangu darasa la nne, na sasa alikuwa la saba. Kazi hakuzichukia. Alichokichukia ni kuamrishwa bila kuelezwa.

Fagia kuanzia ndani. Usiguse hicho. Maji yatokote, si kupata moto tu. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ndivyo inavyofanywa. Shuleni nako mambo ni yale yale. Wiki hiyo Mwalimu Bichage wa sayansi alikuwa amewakaririsha maana ya joto kwa Kiingereza, darasa zima kwa sauti moja, mpaka hata kasuku angefaulu. Dolphine aliukariri mstari ule bila kosa. Lakini alipoinua mkono kuuliza joto hasa ni nini, na kama ni kitu kimoja na kile kinachosomwa kwenye kipimajoto, mwalimu alimjibu kwamba mtihani hautauliza hilo. Akaketi na swali lake, limemkwama kooni kama mwiba wa samaki ngege.

Basi Jumamosi hii ya mwaka 1997 haikuwa ya kawaida. Ilikuwa siku ya chanjo ya polio, ugonjwa unaolemaza watoto miguu. Akina mama walikuwa wametangaziwa kanisani waje saa sita mchana na watoto wao, kila mtoto apewe matone mawili mdomoni. Dawa yenyewe Waya alikuwa ameileta jana kutoka Homa Bay, chupa ishirini ndogo ndani ya sanduku la baridi lililojaa vipande vya barafu. Kila chupa ilitosha watoto ishirini. Friji ya zahanati, ile ya mafuta ya taa, ilikuwa imeharibika utambi na kutoa moshi mweusi tangu Jumatano. Kwa hiyo tegemeo lote lilikuwa sanduku, na mfuniko wa sanduku ulikuwa na ufa.

Saa moja asubuhi mwanamume mmoja alifika mbio na baiskeli. Mke wake alikuwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Waya alinyakua mfuko wake wa kazi. Kabla ya kupanda baiskeli alimkabidhi Dolphine karatasi na kalamu.

"Sanduku liko chumba cha ndani. Kila saa soma kipimajoto kilichomo, uandike hapa. Joto lisipite nane. Likipita nane, dawa inaharibika."

"Na nikiona linapanda, Waya, nifanye nini?"

"Lisipande," alisema Waya, na baiskeli ikaondoka.

Hayo ndiyo maelezo aliyopewa. Dolphine aliingia chumba cha ndani akasimama mikono kiunoni. Sanduku lilikuwa sakafuni, limeviringishwa blanketi zito la sufu, tena juu yake gunia mbili. Akasoma kipimajoto: digrii nne. Akaandika nne. Kisha akalitazama blanketi na kutikisa kichwa.

Hivi Waya alikuwa na nini? Usiku wa baridi, mtu akitaka joto hufanya nini? Hujifunika blanketi. Sasa blanketi juu ya barafu si ni kuipika? Dolphine alijiambia kwamba Waya alilifunika kwa haraka, labda kuzuia vumbi la safari, akasahau kulifunua. Alivua gunia, akavua blanketi, akavikunja vizuri kitandani. Sanduku likabaki wazi katika chumba cha mabati, naye akarudi kufagia akijiona ameokoa mambo.

Saa mbili kipimajoto kilisema sita.

Alikisoma mara mbili. Akakitikisa, ingawa hakujua kama kinatikiswa. Sita. Akaandika sita. Akawaza kwamba joto la blanketi limebaki limefungiwa ndani ya sanduku, linatafuta pa kutokea. Dawa yake ni kulifungulia mlango. Akaufungua mfuniko wote, akachukua ungo wa jikoni akapepea ndani ya sanduku mpaka mabega yakamuuma.

Saa tatu kipimajoto kilisema tisa.

Dolphine aliketi sakafuni akashika tama. Alikuwa amefanya kila alichoweza, na kila alichofanya kilizidisha ubaya. Machozi ya hasira yalimlenga. Alimkasirikia Waya kwa kuondoka, akamkasirikia Mwalimu Bichage na mstari wake, akalikasirikia hata sanduku lenyewe. Karatasi ilikuwa mapajani, na mahali pa saa tatu palikuwa patupu. Tisa. Tisa imepita nane. Ukiandika tisa, wewe ndiye uliyeharibu dawa ya watoto wa tarafa nzima.

Akaandika tano.

Kalamu haikusita, na hilo ndilo lililomtia hofu baadaye. Alijiambia kwamba atalishusha joto mpaka tano, kisha uongo utakuwa kweli. Akazitoa chupa nne zilizokuwa juu kabisa, akazipanga kwenye kizingiti cha dirisha ambako upepo ulikuwa unavuma, akakaa kungoja zipoe. Hakuliwazia jua. Dirisha lilitazama mashariki, na kizingiti chake kilikuwa kimepigwa bati.

Ilikuwa karibu saa nne sauti ilipoita hodi barazani. Alikuwa Orpah, muuza mbuta ambaye kila siku ya soko huleta samaki wake kutoka Homa Bay. Sokoni waliomjua walimwita Mama Caren, kwa jina la mtoto wake wa miezi saba, na Caren mwenyewe alikuwa mgongoni amelala. Orpah alikuwa amemwachia mwenzake kreti za samaki njiani ili aje kushika nafasi mapema kwenye foleni.

"Sista yuko wapi?"

"Ameenda kuzalisha, Mama Caren."

Orpah alichungulia ndani. Aliona sanduku limeachama, ungo, chupa dirishani, na msichana mwenye macho mekundu. Hakuuliza mengi. Alitia mkono ndani ya sanduku akatoa vidole vinavyochuruzika.

"Barafu yenu imekuwa maji, nyathina, mwanangu. Nani alilifunua?"

"Mimi. Lilikuwa na blanketi. Blanketi linaleta joto." Dolphine alisema hivyo akatarajia kuungwa mkono.

Orpah alilichukua blanketi kitandani akamtupia mikononi. "Haya, lishike. Lina moto?"

Dolphine alilishika. Lilikuwa blanketi tu. Halikuwa na moto wala baridi.

"Blanketi halina joto hata chembe," alisema Orpah. "Joto la usiku ni la mwili wako mwenyewe. Blanketi linalizuia tu lisikutoroke. Ukilifunika juu ya barafu, linazuia joto la nje lisiingie. Ni kama mlinzi wa lango, hajali ndani kuna nini. Unadhani mimi hufikisha barafu Uriri kwa maombi? Naifukia kwenye unga wa mbao, nafunika gunia juu."

"Lakini nilifungua ili joto litoke."

"Litoke liende wapi? Joto huenda palipo baridi, halingoji kualikwa. Pahali pa baridi hapa ndani ni sanduku lako. Umelifungulia mlango, limeingia. Na ukapepea, ukalisukuma liingie haraka." Aligeukia dirishani. "Hizi nazo?"

"Nimeziweka kwenye upepo zipoe."

"Upepo wa saa hizi una joto kuliko hizo chupa. Kila unapopita unaziachia joto. Na jua je? Yawa, jamani!" Alizigusa, akazirudisha upesi sandukuni. Kisha alisimama kidogo akifikiri, akatoka bila kuaga.

Dolphine alidhani ameachwa. Dakika chache baadaye Orpah alirudi na beseni kichwani. Ndani ya beseni, katika unga wa mbao unaonuka samaki, kulikuwa na bonge la barafu la ukubwa wa tofali, na vipande vidogo vidogo. Waliyamwaga maji yaliyokuwa ndani ya sanduku, wakaanza kufunga barafu kwenye karatasi ya nailoni. Dolphine alitaka kuanza na vile vidogo, kwa sababu bonge lilionekana zuri mno kwa kupewa bure.

"Chukua hilo kubwa," Orpah alisema. "Kidogo na kikubwa ni baridi sawasawa. Tia kipimajoto kwenye hiki, tia kwenye kile, kitakwambia namba ileile. Lakini kidogo kitamezwa na joto la kikombe kimoja cha chai. Hilo kubwa linahitaji joto jingi sana kabla halijaisha."

Dolphine aliacha kufunga. Namba ileile, lakini joto linalohitajika si sawa. Basi ni vitu viwili. Kile kinachosomwa kwenye kipimajoto ni kitu kimoja, na joto linaloingia na kutoka ni kitu kingine. Swali lililomkwama kooni tangu Jumatatu lilikuwa limejibiwa na mwanamke mwenye magamba ya samaki kwenye kanga, na alitamani kucheka na kulia pamoja.

Walifunga mfuniko, wakaziba ufa kwa kitambaa, wakarudisha blanketi na gunia zote mbili. Orpah alimtazama Caren mgongoni, akatazama jua.

"Sasa samaki wangu wamebaki na barafu kidogo. Siwezi kuwaacha tena. Nitawauza mpaka wa mwisho ndipo nirudi. Uniwekee nafasi kama unaweza."

Saa tano ilipofika, kipimajoto kilisema saba. Saa tano na nusu, tano. Ilikuwa tano halisi safari hii, na Dolphine aliitazama kwa furaha iliyodumu muda mfupi tu. Karatasi ilikuwa juu ya meza. Nne, sita, tano, mahali pa saa nne patupu, saba. Ile tano ya saa tatu ilikaa pale kana kwamba ni ya kweli. Nani angejua?

Waya alirudi saa sita kasorobo, gauni limelowa jasho, sura ya uchovu na furaha. Mtoto amezaliwa salama. Nje, foleni ilikuwa imeshafika mtaroni. Alifunua blanketi, akafungua mfuniko, akasoma kipimajoto, akatupa jicho kwenye karatasi.

"Tano. Vizuri. Saa nne umesahau kuandika, lakini si neno. Niletee kiti nje tuanze."

Dolphine hakuondoka. Aliona foleni kupitia mlangoni, mama mmoja akimpanguza mwanawe makamasi, mwingine akicheka na jirani. Kila mmoja wao angekwenda nyumbani akiamini mtoto wake amekingwa.

"Waya, ile tano ya saa tatu ni uongo. Ilikuwa tisa. Saa nne sikuangalia kwa sababu niliogopa."

Akaeleza yote, kuanzia blanketi mpaka dirisha, kwa sauti iliyopungua kila neno. Waya alisikiliza huku misuli ya taya ikimcheza. Dolphine alipomaliza, Waya alizitoa chupa zote akazipanga mezani kwenye mwanga. Kila chupa ilikuwa na alama mpya iliyoanza kuletwa miaka ile: duara lenye rangi, na ndani yake kimraba cheupe.

"Tazama," alisema. "Kipimajoto kinakuambia hali ya sasa hivi tu. Asubuhi kilisema tisa, sasa kinasema tano, kimesahau. Hiki kimraba hakisahau. Kila joto linaloingia kwenye chupa hukitia weusi kidogo, na hata ukiirudisha kwenye barafu mwaka mzima, hakirudi kuwa cheupe. Kikifanana na duara, dawa imekufa. Leo kwa foleni hii na haraka niliyo nayo, ningeamini karatasi yako. Nisingekagua hata moja."

Walizikagua moja moja. Kumi na sita zilikuwa salama, vimraba vyake vingali vyeupe. Nne zilizobaki ndizo zilizokaa dirishani. Zilikuwa zimerudishwa Homa Bay kutoka safari nyingine ya chanjo, vimraba vimeshaanza kushika weusi, na kwa sababu hiyo Waya aliziweka juu zitumike kwanza. Jua na bati la dirisha vilikuwa vimemaliza kazi. Vimraba vilikuwa vyeusi.

"Nne mara ishirini?" Waya aliuliza.

"Themanini," Dolphine alijibu kwa taabu.

"Watoto themanini. Dawa ikikwisha, wewe ndiye utakayewaambia mama zao sababu. Si kwa kukuadhibu. Wana haki ya kujua, na anayejua ni wewe."

Kazi ikaenda mpaka saa tisa. Dolphine aliandika majina huku akitazama njia ya sokoni. Alijaribu kumwekea Orpah nafasi, lakini akina mama walikataa katakata. Nafasi ya asiyekuwepo haijulikani, walisema, na kweli wote walikuwa wametoka mbali. Chupa ya kumi na sita ilikwisha wakati wanawake wapatao thelathini bado wamesimama. Dolphine alipanda juu ya ngazi ya baraza.

"Mama zangu, dawa imekwisha. Kulikuwa na chupa nne zaidi. Niliziacha juani zikaharibika. Ni kosa langu. Waya anasema nyingine zitafika Jumanne."

Kelele zilizuka. Mwanamke mmoja alisema amevuka mito miwili kwa miguu. Mwingine alimwambia Dolphine afunzwe adabu. Na mwishoni kabisa, akiwa na beseni tupu na mtoto mgongoni, alikuwa amesimama Orpah. Alikuwa amekawia akiwauza samaki waliokosa barafu. Alimtazama Dolphine, akamfunga Caren vizuri, akageuka kwenda zake. Dolphine angependelea kutukanwa.

Siku tatu zile hazikuwa nyepesi. Shuleni waliomcheka walimcheka, na wapo waliomwita Sista Jua. Usiku hakula vizuri. Lakini Jumatatu jioni Waya alimwita jikoni wakakaa pamoja, na kwa mara ya kwanza alimweleza kazi yake yote na sababu ya kila hatua: kwa nini sanduku halifunguliwi ovyo, kwa nini linawekwa kivulini, kwa nini barafu nyingi hudumu kuliko kidogo. Dolphine aliuliza maswali mpaka moto ukazimika. Waya alijibu yote.

"Mimi pia nilikosa," Waya alisema. "Nilikupa amri bila sababu. Mtu asiyejua sababu atalivua blanketi kwa nia njema kabisa."

Jumanne chanjo zilifika, naye Dolphine ndiye aliyelinda sanduku kuanzia asubuhi, blanketi juu, mfuniko umefungwa. Wale mama wa Jumamosi walirudi karibu wote. Orpah hakuja. Haikuwa siku ya soko, na nyumbani kwake kulikuwa mbali, upande wa barabara ya Homa Bay. Jioni Dolphine alimwomba Waya waende huko, wakachukua chupa moja kwenye kisanduku kidogo cha begani, kimefungwa vizuri na barafu yake, wakapata lifti ya lori la mahindi.

Orpah alikuwa anakung'uta unga wa mbao kwenye gunia. Alipowaona aliliweka gunia chini, kisha akamfungua Caren mgongoni. Waya alimwonyesha Dolphine chupa, naye Dolphine akakitazama kimraba mpaka akaridhika kwamba ni cheupe. Matone mawili yalidondoka mdomoni mwa Caren, naye akakunja uso kwa uchungu wa ladha.

"Mama Caren, nisamehe," Dolphine alisema. "Ulitoa barafu yako, na ni mtoto wako aliyekosa."

Orpah alimpangusa mtoto kidevu.

"Nilikasirika, sikudanganyi. Nilitembea mpaka nyumbani nikikulaani. Halafu nikafikiri. Kama ungenyamaza, mwanangu angepata dawa nzuri, kwa sababu zile nne zilizokuwa juu zingetumika kwanza, na mimi nilikuwa wa mwisho. Lakini watoto themanini wengine wangemeza maji matupu, mama zao wakacheka njiani wakidhani wamekingwa. Kukosa dawa ukijua umekosa, unaweza kurudi Jumanne. Kukosa usipojua, utajua siku mtoto anaposhindwa kusimama."

Waya aliitikia kwa kichwa. "Umesikia, Dolphine? Usichokijua, uliza, hata wakuchoke. Na ulichokiona kwenye kipimajoto, kiandike kama kilivyo, hata kama kinakushtaki. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini mara nyingi kilio chenyewe humfika mtoto wa mtu mwingine."